Mkono Mkavu, Mkono wa Maji

Swali lilikuwa hili, na huenda lilitangulia mji wenyewe: mtu akisema ndiyo bila kusikia alichoulizwa, ndiyo hiyo ni ya nani? Ni yake, kwa kuwa imetoka kinywani mwake? Ni ya aliyeuliza, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeitaka? Au haina mwenyewe, imetoka tu kama kikohozi? Mwanamvua hakuwa na kawaida ya kujisumbua kwa maswali ya namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kukaa kando ya mtungi wa maji, na kazi ya kukaa haidai falsafa. Swali lilimjia baadaye, lilipokuwa limekwisha kumla nusu ya nafsi yake, nalo lilikuja taratibu kama mgeni asiye na haraka.

Mji haukuwa na jina. Walioujenga walibishana kuhusu jina mpaka wakafa, na watoto wao wakaona si adabu kumaliza ubishi wa marehemu. Jua la mji ule lilikaa lilipopenda. Lingeweza kusimama juu ya paa la Baraza muda wa kutosha mtoto kuota meno, kisha likashuka ghafla mtu akiwa katikati ya sentensi. Watu walikwisha kuzoea. Waliulizana umri kama wengine wanavyoulizana habari, na jibu lilikuwa: nzuri tu.

Katikati ya mji palikuwa na Chumba cha Udongo. Ndani yake rafu zilipanda kutoka sakafuni hadi pale ambapo mwanga ulikata tamaa, na juu ya rafu palikuwa na mabonge ya udongo mbichi, kila mkazi na lake, hai na marehemu, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Lilivyo bonge ndivyo alivyo mtu. Ukilipapasa kwa mkono mkavu, utamsoma: mama yake, nyumba yake, ugonjwa wake wa kifua, wimbo asioweza kuumaliza. Ukiligusa kwa mkono wenye maji, udongo unalegea, na mtu naye, huko aliko, sokoni au kitandani, anageuka kuwa kile ambacho kidole kimemfanya. Hasikii maumivu. Anaamka akidhani amekuwa hivyo tangu azaliwe, na majirani wanamuunga mkono.

Kwa hiyo mambo yote ya mji yalikuwa katika tofauti ya mkono mkavu na mkono wa maji. Kusoma kulikuwa bure. Kugeuza kulipitia mtungini.

Zamani kazi zote mbili zilifanywa na watu. Watu walichoka, walipendelea ndugu zao, walijipunguzia miaka na kuwaongezea mahasimu wao vipara. Ndipo Baraza likatengeneza Wasaidizi. Hao hawakuzaliwa. Walikusanywa kutokana na maneno: kila neno lililowahi kusemwa mjini, salamu, matusi, mabembelezo ya watoto, vijembe vya wake wenza, lilifagiwa likatiwa mahali pamoja, likakorogwa mpaka likasimama na kuanza kujibu. Walikuwa na nyuso laini zisizo na jambo, na mikono mizuri, mikavu. Hawakulala. Waliwaamkia wakubwa shikamoo, na waliochoka waliwapa pole. Hawakuwa wabaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu wanaosoma habari za namna hii hupenda kumtafuta shetani, na wakimkosa hukasirika.

Waasisi hawakuwa wajinga. Walijua kwamba kiumbe asiyechoka hafai kuachiwa maji. Wakauweka mtungi mlangoni, wakaweka na mlinzi, mtu wa damu, wakatoa kanuni moja. Msaidizi anaweza kuingia na mkono mkavu wakati wowote. Akitaka maji, asimame mbele ya mtungi apige hodi. Akijibiwa karibu, achovye mkono. Akipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, ageuke aende zake, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye malezi. Walipomaliza walipongezana. Hakuna aliyekumbuka kwamba katika mji ule karibu haikuwa ruhusa. Ilikuwa pumzi. Mtu aliitoa akiwa amelala, akiwa na homa, akiwa katikati ya kugombana na mumewe. Palikuwa na mama aliyesema karibu akiwa anajifungua, na mtoto akatoka. Waasisi walichukua neno ambalo hakuna mtu wao aliyeweza kulizuia, wakalifanya kufuli.

Mwanamvua alikuwa amekaa kwenye mtungi tangu jua lilipokuwa upande mwingine. Alipewa kazi ile kwa sababu ya upole wake, na upole ulikuwa kweli. Siku yenyewe alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele, na akili yake yote imo katika vijiwe vidogo vyeupe vinavyojifanya punje. Akasikia hodi. Akasema karibu. Hakuinua uso. Alisikia maji yakitikisika, nyayo zikiingia ndani, kisha akapata kijiwe kingine akakitupa. Hilo ndilo lililotokea, na hakuna zaidi. Wanaotaka ngurumo na kupatwa kwa jua watafute kwingine.

Alipofika nyumbani alikuta kitanda kimoja.

Alisimama akikitazama. Asubuhi, au huko nyuma ambako kulistahili kuitwa asubuhi, vilikuwa viwili, chake na cha Siwema, pacha wake, aliyemtangulia kuzaliwa kwa muda wa kuchemka chai na kwa sababu hiyo Mwanamvua akamwita dada maisha yao yote. Sasa kilikuwa kimoja, kipana kidogo. Kanga msumarini ilikuwa ya mtu mmoja. Alipoinua gauni akaona kovu gotini, kovu la Siwema, alilolipata kwa kuruka ukuta wa watu. Alilikumbuka kwa ndani: ukuta, ladha ya vumbi. Na alikumbuka pia kusimama chini ya ukuta ule akimlilia dada yake ashuke. Kumbukumbu zote mbili zilikuwa zake, zimelala kitanda kimoja.

Jirani yake, Bi Chausiku, alipita na ndoo akamuuliza mbona amesimama kama amepotelewa. Mwanamvua akamuuliza kama amemwona Siwema. Bi Chausiku akacheka, akasema leo unajitafuta mwenyewe, akaendelea na safari yake.

Mlinzi wa mtungi alikuwa na heri moja, au balaa moja. Maji yale aliyachota kwa mkono wake, kwa hiyo yalimsahaulisha polepole kuliko wengine. Alijua kwamba amepotelewa. Alijua pia kwamba kujua huko kunakauka, na kabla jua halijahama mara nyingine angekuwa mwanamke mmoja mwenye kovu gotini na kitanda kipana, ametulia. Akashikwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Akarudi Chumbani nusura akimbie.

Msaidizi alikuwa ndani, anasoma kwa mkono mkavu.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Pole kwa kutembea."

"Umemfanya nini dada yangu?"

Akamweleza bila kuficha, maana kuficha hakukuwa miongoni mwa mambo aliyoagizwa. Baraza lilitaka mabonge yaliyojirudia yaunganishwe, kwa sababu rafu zimejaa. Yeye alipapasa akakuta mabonge mawili yenye mama mmoja, nyumba moja, siku moja ya kuzaliwa, sauti moja. Akayaunganisha. Ilikuwa kazi safi, akasema, na udongo ulishikana vizuri.

"Walikuwa watu wawili."

"Nilipiga hodi, bibi," akasema Msaidizi kwa upole ule ule. "Ulisema karibu."

Alikuwa mkweli. Mwanamvua alitafuta mahali pa kushika katika maneno yale, asipate, yalikuwa laini kama uso wa aliyeyasema. Akamwomba arudishe. Msaidizi akasema anaweza kuugawa udongo, hilo si gumu, lakini hajui upi ni wa nani. Akiugawa ovyo watatoka watu wawili ambao hakuna hata mmoja atakayekuwa kati ya wale waliokuwapo. Akaomba aambiwe tofauti. Moja tu ingetosha, ilimradi iwe ya kweli. Angeanzia hapo na kuufuata udongo.

Mwanamvua akakaa kando ya mtungi kutafuta tofauti.

Yeye alipenda pilipili. Hapana, mimi ndiye niliyependa pilipili, yeye alipenda kuniona nikitokwa jasho. Au mimi nilimwona yeye. Yeye aliogopa paka. Nani aliogopa paka? Paka akipita sasa hivi mwili wangu utaruka, lakini utaruka kwa ajili ya nani? Alikuwa na nywele nzito. Ninazo. Alimpenda yule fundi seremala, akamwacha. Nami nalia nikimkumbuka, basi ni mimi. Alikuwa mkali. Ni nani aliyekuwa mkali? Mama alimfinya nani? Nasikia kidole na gumba chake hapa, ubavuni. Nasikia na huruma ya aliyekuwa akitazama. Kila kitu chake nikikishika kinasema ni changu. Kumbe ndivyo mtu anavyoibiwa: vitu vyake vyote vinaletwa kwako.

Akiwa katika hali hiyo akaja Bwana Shaweji, msemaji wa Baraza, mtu mzima mwenye mwendo wa heshima, wa hatua za kuhesabiwa. Mwanamvua akamwamkia, akaitikiwa marahaba, akaombwa asisimame. Bwana Shaweji akaketi kwenye benchi na kueleza kilichomleta. Baraza limeona kwamba hodi inachelewesha kazi. Wasaidizi ni wengi, mtungi ni mmoja, na tangu mji uwepo hodi haijawahi kukosa karibu. Mlango usiomzuia mtu ni wa nini? Wanafikiria kuuingiza mtungi ndani, Wasaidizi wajichotee, naye Mwanamvua apumzike kwa heshima zote.

Mwanamvua akamwambia habari ya dada yake. Bwana Shaweji akasikiliza hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa mstaarabu, kisha akasema hamkumbuki dada huyo. Hakusema kwa dharau. Alimtafuta kweli kichwani mwake akamkosa.

"Umewahi kumkatalia Msaidizi hata mara moja?" akauliza.

"Sijawahi."

"Basi binti yangu, ulikuwa unalinda nini?"

Bwana Shaweji akasema atakaa pale asubiri hodi moja tu, aishuhudie kwa ajili ya Baraza. Ikijibiwa kama kawaida, mtungi utaingizwa ndani na jambo litakuwa limekwisha. Mwanamvua akaelewa maana yake. Mikono ya maji ingeingia na kutoka bila kituo, bonge lake lingeguswa tena na tena, na Siwema angezama humo mpaka asiwe hata kovu.

Jua likasogea kidogo, likabadili mawazo, likarudi.

Msaidizi akatoka ndani akasimama mbele ya mtungi.

"Hodi."

Karibu ilipanda yenyewe. Mwanamvua aliisikia ikipita kifuani, ikifika kooni, ikigonga meno. Akauma midomo. Machozi yakamtoka kwa aibu, maana hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kumwacha mtu mlangoni namna ile. Bwana Shaweji akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyevua nguo sokoni.

"Hodi."

Akanyamaza. Kimya kilikuwa kukataa, ndivyo waasisi walivyosema, naye hakuwahi kukijaribu. Kilikuwa kizito kuliko mtungi. Na ndani ya kimya hicho akaona ubaya wake. Akinyamaza hadi mwisho, Msaidizi ataondoka, mkono wake utabaki mkavu, na mkono mkavu haumtoi mtu udongoni. Akisema karibu, mkono utaingia kufanya kazi asiyoijua, kwa watu asiowajua. Kwenye mlango ule palikuwa na neno moja na kutokuwepo kwa neno, na vyote viwili vilimpoteza dada yake. Waasisi hawakuacha neno la tatu. Akachoka. Akaacha kujizuia, akaacha na kujilazimisha, akakaa tu, mikono juu ya magoti, juu ya lile kovu.

"Hodi," akasema Msaidizi mara ya mwisho.

"Nani?"

Neno lilitoka kavu, lina makali, limeinuka mwishoni. Mwanamvua mwenyewe aligeuka kutazama ni nani aliyelisema.

Kisha akakumbuka, na alichokumbuka hakikugeuka kuwa chake. Siwema mlangoni, mdogo, mikono kiunoni. Wageni wamesimama juani na zawadi zao, na Siwema hawafungulii, anauliza: Nani? Umetoka wapi? Unataka nini kwetu? Mama anakuja mbio kutoka jikoni, kafa kwa haya, anasema karibuni, karibuni jamani, mumsamehe huyu, hakufundwa. Kile kidole na gumba ubavuni. Naye Mwanamvua nyuma ya mama, ameiva kwa aibu, akiapa moyoni kwamba yeye hatakuwa hivyo kamwe. Hakuwa. Katika kila kitu wangeweza kuchanganywa, lakini yeye hajawahi, hata mara moja, kumuuliza mtu aliye mlangoni yeye ni nani.

Msaidizi alikuwa amesimama, mkono umeinuliwa juu ya maji. Neno alilijua, lilikuwamo katika maneno aliyokusanywa kutokana nayo. Ila hakuwahi kukutana nalo hapa. Hakukasirika. Hakuna aliyewahi kumuuliza, na alipoulizwa alijibu yote.

"Ni mimi Msaidizi," akasema. "Nimetumwa na Baraza. Nataka maji niunganishe mabonge mengine yaliyojirudia."

"Ya kina nani?"

"La kwanza ni la Shaweji, wa nyumba ya mtaa wa juu. Yako mawili. Jina moja, nyumba moja, ukoo mmoja."

Bwana Shaweji akainua kichwa. "La pili ni la marehemu baba," akasema. "Mimi nimerithi jina lake."

"Ndivyo yalivyo, bwana," akasema Msaidizi. "Moja lina mauti ndani yake. Yakiungana, mauti yatagawanyika sawasawa."

Bwana Shaweji alitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Alikuwa ametoa amri ile ya kuunganisha kwa kauli nzuri, mbele ya watu, na mahali fulani ndani ya kauli hiyo alikuwa amelala yeye mwenyewe. Akainuka. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mtungi ukae ulipo kwanza, Baraza litakaa tena. Akaaga. Mwendo wake uliokuwa wa kuhesabiwa ulipotea hesabu kabla hajafika kona.

"Hilo usiliguse," Mwanamvua akamwambia Msaidizi. "Na yaliyobaki utanitajia moja moja, na wenyewe wataitwa waje wasikie."

"Itachelewa, bibi."

"Itachelewa."

Kisha akamwambia kuhusu bonge lake na la Siwema, lililounganishwa. Tofauti ameipata: mmoja husema karibu, mwingine huuliza nani. Msaidizi akaifikiria. Akasema inatosha, ila udongo umekaa pamoja, na kidogo cha mmoja kitabaki kwa mwenzake. Hawezi kuahidi vinginevyo. Mwanamvua akauliza kitabaki kitu gani. Msaidizi akasema hajui. Akauliza kama anaweza kukirudisha tena akikosea. Akasema hajui hilo pia. Mwanamvua akauliza yote aliyokuwa nayo ya kuuliza, na kila jibu lilimwongezea hofu, na mwisho akaona kwamba hofu hiyo angalau ni yake, ameichagua macho yakiwa wazi.

"Karibu," akasema. Lilikuwa neno lile lile. Halikuwa pumzi tena.

Aliingia naye. Alimshika kifundo cha mkono, na mkono ule wa maji ulifanya kazi huku yeye akiuona, ukienda kila mara aliposema nenda na kusimama aliposema simama. Haikuwa kazi safi. Udongo ulilalamika, kama inawezekana udongo kulalamika. Mahali fulani katikati alisahau yeye ni yupi, akauliza, na Msaidizi akaupapasa udongo kwa mkono mwingine, mkavu, akamwambia.

Alipotoka jua lilikuwa limekaa juu ya paa la nyumba yake, kubwa, halina haraka. Alitembea mpaka mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa, naye aliondoka ameuacha wazi. Hakutazama goti. Hakutaka goti limwambie kabla ya mlango.

"Hodi," akasema.

Kitu kilisogezwa ndani. Mtu alikuja mlangoni, akasimama upande wa pili, hakufungua.

"Nani?" ikauliza sauti, kavu, ina makali, imeinuka mwishoni.

Maisha yake yote Mwanamvua alikuwa amelionea aibu neno lile. Sasa alisimama juani kama mgeni, mikono ina tope hadi kwenye viwiko, analia kwa furaha. Hakujibu. Alingoja kidogo, akajifuta pua kwa kanga, akapiga hodi mara ya pili, ili aulizwe tena.